Nahamisha Thunderbird kwenda kompyuta mpya, faili la Inbox linagoma kunakiliwa

KaraniWaZamu:
Wakuu, habari za kazi. Kompyuta ya ofisi ni Windows 10, na kwa kuwa Microsoft walisitisha msaada wake tarehe 14 Oktoba 2025, imenunuliwa mpya yenye Windows 11. Barua pepe zote ziko kwenye programu ya Thunderbird, akaunti mbili: ya ofisi ni POP (barua hupakuliwa kwenye kompyuta), nyingine ni Gmail kwa IMAP (barua hubaki kwenye seva). Nataka mashine mpya iwe na kila kitu: barua za zamani, anwani, vichujio, sahihi na nywila. Nikinakili kwenda flashi ya GB 32, ikifika Inbox inagoma, inadai faili ni kubwa mno, ilhali flashi ina nafasi tele. Menyu ya Export nayo imekataa. Nifanyeje?

FundiWaya:
Mkuu, flashi yako bila shaka iko kwenye mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4 hata kama nafasi ipo. Thunderbird kwa kawaida huhifadhi folda nzima ya barua ndani ya faili moja, kwa hiyo Inbox ya miaka mingi huvuka hapo kirahisi. Hamisha kwanza vilivyomo kwenye flashi, kisha iformati upya kwa exFAT, mfumo usio na kikomo hicho. Kuformati hufuta kila kitu.

Kabla ya kunakili, punguza uzito. Barua uliyofuta haitoki ndani ya faili mpaka folda ishindiliwe: futa takataka za Trash, kisha bofya kulia Inbox na uchague Compact. Hakikisha diski ina nafasi ya kutosha, maana faili jipya huandikwa pembeni kabla la zamani halijaondolewa. Export achana nayo, inafaa profaili (folda yenye barua na mipangilio yako yote) isiyozidi GB 2.

Mama_Seva:
Naongezea hatua zenyewe. Kwenye mashine ya zamani funga Thunderbird kabisa, usiishie kuipunguza chini ya kioo. Ukinakili ikiwa wazi, faili zinazoandikwa wakati huo zinaweza kufika zikiwa na kasoro. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %APPDATA% halafu Enter. Nakili folda ya Thunderbird nzima, usichague vipande. Humo prefs.js ina mipangilio ya akaunti na sahihi ulizoandika, abook.sqlite ni kitabu cha anwani, msgFilterRules.dat ni vichujio, na nywila ziko logins.json pamoja na key4.db. Hayo mawili ya mwisho hayatengani: ukikosa moja, nywila hazisomeki.

Mashine mpya iwe na toleo lilelile la Thunderbird au jipya zaidi. La zamani hukataa profaili iliyokwisha kutumiwa na toleo jipya. Sakinisha, usiifungue, bandika folda mahali palepale kwenye %APPDATA%, ndipo ufungue.

Mzee wa POP:
Jamani, hapo kwenye POP msipite haraka. Gmail ya IMAP haina shida, nakala ziko kwenye seva. Barua za POP huenda ziko kwenye hiyo kompyuta peke yake, maana Thunderbird kwa kawaida huziacha kwenye seva siku 14 tu. Kwa hiyo folda ya Mail ndiyo mali yenu.

Usianze kwa kuunda akaunti upya kwenye mashine mpya. Faili la popstate.dat ndilo linalokumbuka barua zipi zimeshapakuliwa. Bila hilo, zote zilizobaki kwenye seva zitashuka tena na utapata nakala mbilimbili. Pia zima ukaguzi wa barua kwenye mashine ya zamani mara mpya ikianza kazi. Zikiachwa zote mbili zinavuta, utakuta barua nyingine ziko huku na nyingine kule.

KaraniWaZamu:
Asanteni sana. exFAT imepokea kila kitu. Ila Thunderbird imefunguka tupu, inaniomba niunde akaunti!

Mama_Seva:
Usiunde, ifunge. Je, ya zamani ilikuwa ya biti 32? Hiyo hukaa Program Files (x86), mpya hukaa Program Files. Thunderbird huiunganisha profaili na mahali iliposakinishwa, njia ikibadilika inajitengenezea profaili mpya. Bonyeza Windows na R, andika thunderbird.exe -P, uchague ile ya zamani. Ukishindwa kuitambua kwa jina, angalia ukubwa wa folda zilizomo kwenye Profiles.

KaraniWaZamu:
Imekubali, dada! Kila kitu kipo, isipokuwa folda moja inaonyesha orodha ya barua lakini nikifungua nakuta maandishi ya barua nyingine.

FundiWaya:
Hiyo ni faharasa yake, faili la .msf. Bofya kulia folda, Properties, Repair Folder. Barua zenyewe haziguswi.

Mzee wa POP:
Kabla ya kuifuta ya zamani, fungua barua kadhaa za miaka ya mwanzo zenye viambatisho, linganisha idadi ya barua kwenye kila folda, kisha tuma na upokee moja kwa kila akaunti. Halafu iformati tena ile flashi bila kutia tiki Quick Format. Kama hukuweka nywila kuu ndani ya Thunderbird, yeyote atakayeiokota atazisoma nywila zote za ofisi.