Chipukizi wa Pittsburgh Pirates: nani asiuzwe kwa bei yoyote?

Mshale_412

Ndugu wanajukwaa, salaam. Msimu wa 2025 timu yetu ya besiboli iliumaliza kwa kushinda michezo 71 na kupoteza 91, na kwa hom-rani (mipigo inayovuka ukuta wa uwanja) tulishika mkia katika ligi kuu nzima: 117 tu. Kwa kuwa warushaji tunao na wapigaji hatuna, majira haya ya baridi, kabla ya msimu wa 2026, hoja inayorudi kila siku ni kwamba meneja mkuu, Ben Cherington, auze chipukizi mmoja au wawili ili apate mpigaji aliyekwisha kukomaa.

Naomba tuwalinganishe wanne wanaotajwa zaidi: Konnor Griffin, Bubba Chandler, Termarr Johnson na Seth Hernandez. Kati yao, nani hauzwi hata tukiletewa nini, na nani anaweza kuondoka tusijute? Mimi ningewafungia mlango Griffin na Chandler, na wale wawili wengine ningewaweka sokoni. Ila nasikiliza.

Bi_Zuhura_wa_Altoona

Kwa Griffin, ndugu Mshale, sioni hata pa kuanzia mjadala. Kijana huyu alichaguliwa wa 9 mwaka 2024, katika uteuzi wa kila mwaka ambapo timu hugawana vijana wapya, akitoka shule ya sekondari huko Mississippi, na sababu ya timu nane kumpita ilijulikana: mkono wake, mbio zake na nguvu zake zilisifiwa na kila mtu, lakini mwenendo wa gongo lake ulitiliwa shaka, ikasemwa kwamba warushaji wa kulipwa wangemfichua mapema. Basi katika mwaka wake wa kwanza kabisa wa kulipwa, akiwa na umri wa miaka 18 kisha 19, alipanda ngazi tatu za ligi ndogo, katika timu zetu za chini za Bradenton, Greensboro na Altoona, akapiga kwa wastani wa .333 (mpigo mmoja safi kwa kila majaribio matatu), akapata hom-rani 21 na kuiba vituo 65, yaani kukimbilia kituo cha mbele bila kungoja mpigo. Jarida la Baseball America likamteua kuwa mchezaji bora wa mwaka wa ligi ndogo zote.

Tena anacheza katikati ya kituo cha pili na cha tatu, nafasi ngumu kupata mtu, na akihamishiwa uwanja wa kati wa nje anauweza vilevile. Mchezaji wa namna hii timu yenye mfuko mdogo kama yetu haimnunui sokoni; ama anakua nyumbani, ama hayupo. Nilikwenda kumtazama hapa Altoona mara kadhaa, na kilichonivutia zaidi ya mipigo yake ni jinsi alivyokuwa akiiacha mipira mibaya ipite bila kuhangaika.

Mzee_Tamim

Bi Zuhura, shikamoo ya heshima kwa jicho lako, lakini mizani ina pande mbili. Hapo Altoona Griffin alicheza michezo 21 tu. Greensboro nayo, kila anayefuatilia ligi ndogo anafahamu kwamba uwanja wake ni mdogo na unawapendelea wapigaji, hata mipira ambayo kwingineko ingedakwa, pale huvuka ukuta. Sisemi auzwe. Ninasema tusimhesabu kana kwamba ameshafika, maana tumewahi kuhesabu hivyo tukaumia.

Chandler, kwa upande wake, amefika. Alichaguliwa raundi ya tatu mwaka 2021, akapewa dola milioni 3 ili aache kwenda Chuo Kikuu cha Clemson alikotakiwa pia kuwa kwotabaki (mpanga mashambulizi) wa mpira wa miguu wa Kimarekani, na mwanzoni alikuwa akirusha na kupiga. Huko Indianapolis, ngazi ya mwisho kabla ya ligi kuu, aliianza 2025 vizuri, kisha katikati ya mwaka akapoteza shabaha na kuanza kuwagawia wapigaji kituo cha bure, kile anachopewa mpigaji mipira ya mrushaji ikipotea shabaha. Wengi wakasema ndiyo basi. Alipoitwa Pittsburgh mwezi Agosti, akiwa na mpira wa kasi unaogusa maili 100 kwa saa, shabaha ilirudi, na vituo vya bure akavitoa kwa uchoyo mkubwa. Kwa kuwa mwaka 2025 hakufikisha vipindi 50 vya kurusha katika ligi kuu, kanuni bado zinamhesabu mgeni kuelekea 2026, ndiyo maana tunaweza kumjadili hapa.

Sasa linganisheni: mmoja tumemwona akiwatoa wapigaji wa ligi kuu, mwingine tunamsoma kwenye takwimu za madaraja ya chini. Nikilazimishwa kubaki na mmoja kwa msimu wa 2026 peke yake, ninabaki na Chandler.

Bi_Zuhura_wa_Altoona

Mzee wangu, umesema "kwa msimu wa 2026 peke yake", na hapo ndipo tofauti yetu ilipo, kwa sababu chipukizi hapimwi kwa msimu mmoja. Mrushaji anaishi kwa kiwiko chake. Mrushaji wetu Jared Jones alituaminisha mwaka 2024 kwamba tumepata nguzo ya pili nyuma ya Paul Skenes, mrushaji wetu mkuu, na Mei 2025 akafanyiwa upasuaji wa kiwiko, msimu mzima ukapita bila yeye. Mpigaji akiumia mkono, mara nyingi anakosa wiki kadhaa. Mrushaji kano ya kiwiko ikikatika, anakosa mwaka na zaidi. Kwa hoja hiyohiyo ningethubutu kusema jambo ambalo ndugu Mshale hatalipenda: akija mtu na mpigaji kijana, aliyethibitika, mwenye miaka mingi ya mkataba iliyobaki, mimi ningeipokea simu yake hata kama anamtaka Chandler.

Okello_wa_Lugazi

Naomba kuingia. Kuhusu viwiko, msimsahau Hunter Barco, mrushaji wetu wa mkono wa kushoto, ambaye tulimchagua raundi ya pili mwaka 2022 huku akiwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa kiwiko, na ambaye Septemba 2025 alikanyaga ligi kuu. Upasuaji unachelewesha, si lazima uue.

Hoja yangu kubwa, hata hivyo, ni ya muda. Sisi wa Uganda tuliipenda timu hii kwa sababu ya mlango inaoufungua kwa Afrika: Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliyesajiliwa mwaka 2008, alizunguka ligi ndogo hadi 26 Aprili 2017 ndipo akawa Mwafrika wa kwanza mzaliwa wa bara hili kucheza ligi kuu, na mpigo wake wa kwanza ukamfikisha kituoni. Miaka ya karibuni wamemsajili David Matoma, mrushaji kutoka kwetu Uganda, mwembamba mwenye mkono wa kutisha. Sitamtia kwenye mizani ya wanne hawa, maana bado yuko mbali mno. Namtaja ili mfahamu kwa nini sipendi haraka ya kumwita Termarr Johnson "aliyeshindwa".

Johnson alichaguliwa wa 4 mwaka 2022. Alisifiwa kuwa mpigaji safi kuliko wote wa shule za sekondari mwaka huo, na kweli ana jicho: hakubali kupiga ovyo. Kilichopungua Altoona ni nguvu, na kwa mtu mfupi anayelinda kituo cha pili, bila nguvu thamani hushuka. Lakini mwaka 2025 ndipo alipofikisha miaka 21 tu.

Mzee_Tamim

Ndugu Okello, subira ninaiunga mkono, ila kwa Johnson saa inagonga. Mwishoni mwa 2026 itabidi apewe moja ya nafasi 40 za kikosi cha timu ya ligi kuu, la sivyo timu yoyote itaruhusiwa kumchukua katika uteuzi wa Desemba. Timu hii yenyewe inaujua utamu wa uteuzi huo: ndivyo ilivyomnyakua Roberto Clemente, aliyekuja kuwa gwiji wetu, kwa dola 4,000 mwaka 1954, wakati Dodgers walikuwa wamemficha Montreal, timu yao ya ligi ndogo. Kwa hiyo kama Johnson atauzwa, bei yake ni bora sasa kuliko miezi kumi ijayo.

Hernandez nitamgusa kwa ufupi. Wa 6 mwaka 2025, mrushaji wa shule ya sekondari ya Corona huko California, na mwaka huo hakucheza mchezo rasmi wa kulipwa. Kanuni iliyomkataza kuuzwa ilikoma fainali za ligi kuu zilipomalizika, na mrushaji ambaye mipira yake haijapigwa bado ndiye anayeuzika kwa bei ya ndoto.

Mshale_412

Nashukuru. Johnson na Hernandez wanabaki sokoni, na hoja ya saa ya Johnson imenifanya nimtangulize yeye. Griffin mlango umefungwa, na mzee Tamim naye, nikimsoma vizuri, hajasema ufunguliwe. Kwa Chandler nimetikisika: nitaupokea wito wa simu aliousema Bi Zuhura, lakini kwa mpigaji aliyebakiwa na miaka isiyopungua minne ya mkataba kabla ya kuwa huru kuhamia timu yoyote. Chini ya hapo ninakata.

Bi_Zuhura_wa_Altoona

Minne ni mingi, ndugu yangu. Hakuna timu itakayokupigia kwa sharti hilo. Sema mitatu, na atolewe Barco badala ya Chandler.