Mashuti 24 goli sifuri, halafu straika kasepa bure

Kijana wa Nkuhungu: Wakuu hili gemu la umeneja wa timu ya mpira litanipa presha, jana nimepiga mashuti 24 wao moja tu, dakika ya 89 kona ikamgonga beki wangu kisigino ikazama, nikafunga laptop nikaenda kula chipsi mayai. Asubuhi nafungua, straika wangu kasaini timu ya nje bure! Imekaaje hii?

Mzee wa Zabibu: Pole mkuu. Mkataba ukibaki miezi 6 anaruhusiwa kusaini kwingine, na kuondoka bure ukiisha ni tangu kesi ya Bosman, mchezaji wa Ubelgiji aliyeshinda mahakama ya Ulaya 1995. Hayo mashuti ulipigia wapi?

Kijana wa Nkuhungu: 19 nje ya boksi 😅

Jirani wa Kisasa: Hahaha unapiga kunguru. Mi kwenye mkataba wa straika wangu niliweka kipengele kwamba timu ikitoa milioni 5 siwezi kumzuia, ili akubali mshahara mdogo, Januari wakamchukua naangalia tu.