Nimezoea briji ya nyumbani, naingiaje klabuni?

Shupaza_Tupu:
Wakuu, habari zenu. Nacheza briji, ile karata ya wawili dhidi ya wawili, na ndugu zangu mwaka wa tatu huu. Juzi nilienda klabuni kutazama, nikatoka kichwa kinaniuma. Kwenye mnada, pale mnaposhindania idadi ya triki (mizunguko ya karata nne) na rangi ya turufu, hakuna anayefungua mdomo, watu wanachomoa vikadi kwenye visanduku. Karata hazitupwi katikati, kila mtu anazilaza mbele yake. Mara wanainuka, wanahama meza. Na mara mbili mtu alipaza sauti "Mwamuzi!" nikajua ugomvi umeanza. Mwenzangu ninaye, ila ni mwoga kunishinda. Tukariri kwanza mbinu zote za mnada, au twende hivi hivi?

Nasema_Pasi:
Nendeni hivyo hivyo. Mimi nilikariri mwaka mzima, siku ya kwanza nikakumbuka kusema pasi tu.

Karata hazichanganywi kwa sababu meza nyingine itazicheza zilezile. Kila mgao unakaa kwenye bodi yenye mifuko minne. Mkimaliza, kila mtu anarudisha zake 13 mfukoni mwake. Kwa kawaida waliokaa Kaskazini na Kusini (viti vina majina ya dira) hawabanduki, Mashariki na Magharibi wanapanda meza ya mbele, bodi zinashuka nyuma. Hesabu karata zako kabla ya kuzitazama! Niliwahi kugundua nina 14 mnada ukiwa umepamba moto.

Kitakachokusumbua ni hesabu ya alama. Nyumbani ukipata karata mbovu unalaumu bahati. Klabuni unapimwa na waliokaa upande wako wakashika karata hizohizo. Mfano: wapinzani walitangaza shupaza mbili, nami nikajitosa kopa tatu, yaani triki tisa kopa ikiwa turufu. Nikaanguka triki moja, hatukuwa hatarini (hali inayoongeza adhabu), tukapoteza 50. Mwenzangu alininunia. Kumbe meza zote nyingine, waliokaa upande wetu waliwaachia wapinzani shupaza mbili zikatimia, wakapoteza 110. Tulikuwa meza saba, kwa hiyo tuliwapita wote sita: alama 6 kwa 6, kwa mchezo nilioshindwa! Ndiyo maana hata triki moja ya ziada watu wanaitolea jasho.

Mwamuzi usimwogope. Anaitwa kama kuna aliyeanza kucheza si zamu yake, au aliyetupa rangi nyingine ilhali ya kufuata anayo. Anakuja, anasoma kanuni, mnaendelea. Kosa ni kumalizana wenyewe kwa wenyewe.

Bibi_wa_Kopa:
Nakubaliana na mkuu hapo juu, naongeza dogo. Karata ya kwanza itoe kifudifudi, mwenzako aulize maswali yake kuhusu mnada ndipo uifunue. Kama si zamu yako, hapo bado inaweza kurudi mkononi. Ikishafunuliwa, mpinzani ana njia tano za kuchagua, na hakuna hata moja utakayoipenda.

Mbinu nne zinatosha: kufungua moja bila turufu kwa pointi 15 hadi 17 za karata kubwa, Stayman (kumuuliza mwenzako kama ana kopa nne au shupaza nne), uhamisho (kutaja rangi ili mwenzako ataje inayofuata), na dabo ya kumtaka mwenzako ataje rangi. Ziandikeni kwenye kadi yenu, wapinzani wana haki ya kuisoma.

Shupaza_Tupu:
Ahsanteni sana. Mwenzangu amesoma hapa, amekubali twende, kwa sharti moja: Mwamuzi nimwite mimi.

Nasema_Pasi:
Mwambie akae Kaskazini, basi. Atakuwa na kazi ya kuandika alama, woga ataupatia wapi nafasi?