MGB, Triumph TR6 au Spitfire: lipi la kununua kwa anayeishi Uingereza?

Mvita_UK
Wakuu, habari zenu. Nipo Leicester. Natafuta gari la wazi la Kiingereza la miaka ya 60 au 70, la viti viwili, la kuendesha siku za jua. Nimebaki na matatu: MGB, Triumph TR6 na Triumph Spitfire. Kuna MGB jekundu nimeliona, rangi inang'aa kama jipya, na mwenyewe anataka jibu wiki hii. Nichukue lipi?

MzeeKabureta
Mkuu, swali umelileta nusu. Bajeti ni kiasi gani? Hilo MGB ni la mwaka gani, bampa za kromu au zile nyeusi za mpira? Litalala ndani au barabarani? Na wewe una urefu gani? Urefu ni muhimu kuliko unavyodhani. Spitfire ni jembamba na pedali zimebanana, MGB linampokea hata mtu wa futi sita.

MGB lilitoka kiwanda cha Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980, kwa hiyo ukisema "MGB" tu hujatuambia kitu. Injini ni ileile ya sisi (CC, yaani ujazo wa injini) 1798, lakini za mwanzo zina beringi kuu 3 za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Tangu mwishoni mwa 1964 zikawa 5. Gia namba moja haikuwa na sinkro, kifaa cha kulainisha gia kuingia, mpaka toleo la pili la mwishoni mwa 1967. Na uliza kama lina ovadraivi, gia ya ziada ya kupunguza mizunguko ya injini kwenye kasi kubwa. Bila ovadraivi, barabara kuu inachosha masikio na injini pia.

TR_Sita
TR6, wala usizunguke. Silinda sita kwa mstari, sisi 2498, na za soko la Uingereza zina mfumo wa Lucas wa kupuliza petroli. Za mwanzo kiwanda kilitangaza nguvu za farasi 150, toleo la 1973 likashushwa hadi 125. Ukikanyaga ukiwa gia ya tatu, sauti ya ekzosi inabadilika yote, inakuwa nzito halafu inafunguka. MGB ni gari zuri, lakini injini yake ni ya silinda nne iliyokwisha kufanya kazi kwenye magari ya familia.

Kilindoni77
Na mimi nasimama na Spitfire. Boneti yote pamoja na mabawa inafunguka kwenda mbele, unakaa juu ya tairi unafanya kazi, hakuna kuinama wala kulala chini. Linageuka kwenye duara la futi 24 hivi. Kwa anayetaka kujifunza ufundi kwa mikono yake, hakuna darasa bora. Bei yake iko chini ya hayo mawili.

MzeeKabureta
Ndugu Kilindoni, mwambie na habari ya tranioni.

Kilindoni77
Nilikuwa nakuja huko. Mguu wa mbele wa Spitfire unasimama juu ya kiungo cha shaba kiitwacho tranioni. Nguzo ya chuma imefungwa ndani yake kwa hesi (mikunjo kama ya skrubu), na ukizungusha usukani hesi ndiyo inayozunguka. Kiungo hicho kinataka oili ya gia ya EP90. Watu wengi wanapiga grisi kwa sababu wameona nipo, kile kichuchu cha kupigia grisi. Grisi haifiki chini, maji yanakaa, nguzo inaoza kwenye hesi mahali usipopaona, na siku moja inakatika. Mara nyingi hukatika usukani ukiwa umekatwa sana, yaani kwenye mzunguko au wakati wa kuegesha, na tairi linalala chini ya bawa. Ukinunua Spitfire ambalo historia yake haijulikani, vua nguzo zote mbili uzikague kabla ya safari yoyote. Baada ya hapo pampu ya oili kila maili 3,000, au mara moja kwa mwaka kama huendeshi sana. TR6 nalo lina kiungo cha aina hiyo, TR_Sita asijifiche.

Mvita_UK
Asanteni sana. Bajeti ni pauni 14,000. MGB ni la 1972, bampa za kromu, ovadraivi ipo. Mimi nina futi 5 na inchi 11. Muuzaji anasema vizingiti vilibadilishwa. Injini inawaka mara moja.

DadaSpana
Mvita, injini kuwaka mara moja si habari. Injini ya MGB inatolewa, inafumuliwa na kurudishwa, na vipuri vyote vipo. Kinachokula pesa ni bodi. MGB halina chasisi ya peke yake, bodi yenyewe ndiyo inayobeba gari. Vizingiti, yale maboksi ya chuma yanayopita chini ya milango, ndiyo uti wa mgongo wake. Kwenye gari la wazi hakuna paa la kusaidia.

Nitakueleza kisa cha gari moja la jamaa hapa Midlands, kwa sababu linafanana sana na hilo lako. Lilikuwa jekundu, kromu, rangi mpya, na muuzaji alisema hivyohivyo, "vizingiti vimebadilishwa". Jamaa akalilipia. Lilipopigwa jeki mahali pake, chuma kikabonyea na jeki ikapanda ndani. Walipokwangua rangi wakakuta kizingiti kipya kimechomelewa juu ya cha zamani. Kizingiti cha MGB kina sehemu tatu: kibamba cha nje, ukuta wa katikati, na reli ya chini inayobeba sakafu. Fundi wa kwanza alibadilisha cha nje peke yake. Ukuta wa katikati ulikuwa umebaki vipande, reli imekuwa unga wa kutu, na pengo limejazwa puti. Mbele ya mlango, chini ya bawa, matope ya miaka mingi yalikuwa yameozesha mpaka nguzo ya bawaba.

Ubaya haukuishia hapo. Yule fundi alichomelea gari likiwa juu ya stendi mbili tu, katikati likiwa limeinama. Likagandishwa hivyohivyo. Mlango wa kushoto ulikuwa na pengo la milimita 8 juu na 2 chini, na ukifunga unagonga. Kurekebisha kukawa kukata kila kitu upya: bodi ishikiliwe sehemu nne, vyuma vya muda vichomelewe kwenye tundu la mlango visilegee, upande mmoja umalizwe ndipo uguswe wa pili, na mlango urudishwe mahali pake kila baada ya kuweka kipande ili upime mapengo. Gharama ikapita bei aliyonunulia gari.

Kwa hiyo, kabla hujajibu huyo muuzaji: nenda na sumaku, ipitishe nusu ya chini ya mabawa na vizingiti; isiposhika, hapo ni puti. Angalia mapengo ya milango, yawe sawa juu mpaka chini. Piga jeki upande mmoja, kisha fungua na funga mlango. Ukikwama au pengo likibadilika, ondoka. Lala chini na tochi uitafute reli ya chini; iwe imenyooka, na mstari wa kuchomelea uonekane. Omba picha za kazi ikiwa wazi. Fundi aliyebadilisha sehemu zote tatu hakosi picha.

Mvita_UK
Dada, umenifungua macho. Picha hajatuma bado.

TR_Sita
Ndiyo maana nasema TR6, lina chasisi yake.

DadaSpana
Kaka, chasisi hiyo nayo inaoza, tena pale mikono ya nyuma inapofungwa, ambapo hapaonekani. Na mshikio wa mbele, upande wa kulia, wa difu (boksi la gia la ekseli ya nyuma) unapasua boksi la chasisi. Ukiachia klachi ukasikia "dang" nyuma yako, ndio huo.

TR_Sita
Kweli, lakini unatibika: toa difu, chomelea kibamba cha kuimarisha pande zote za pini, weka raba mpya. Jambo la kukagua kwanza ni washa za krenki, zile nusu mwezi zinazozuia krenki kwenda mbele na nyuma. Mtu mmoja akanyage klachi, mwingine aitazame puli ya mbele ya krenki. Mchezo unaotakiwa ni inchi 0.006 hadi 0.008. Ukiona puli inasogea kwa macho, washa zimeliwa au zimedondokea kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na bloku yenyewe inaweza kuwa imeumia. Kuhusu mfumo wa petroli, lawama nyingi ni za pampu ya zamani ya Lucas. Inapata joto, hasa tenki likiwa karibu tupu, petroli inafanya mvuke na gari linakatakata. Wengi wanafunga pampu ya Bosch, presha inapangwa pauni 105 hadi 110 kwa inchi ya mraba, na shida inaisha.

MzeeKabureta
Kwa pauni 14,000 TR6 safi lenye mfumo huo halipatikani kirahisi. Kwa pesa hiyo MGB zuri lipo, na zikibaki kidogo ni za breki na tairi. Kabureta zake mbili za SU mtu anazipanga mwenyewe nje ya nyumba. Watu wanakosea mpangilio. Anza na pengo la vali, inchi 0.015 injini ikiwa baridi, halafu pointi za kukata umeme wa plagi, pengo 0.015 vilevile, halafu taimingi (wakati wa cheche), kabureta mwisho. Injini ipate moto kamili. Sikiliza mlio wa hewa kwenye kila kabureta kwa kipande cha mpira sikioni, ulingane. Kisha inua pistoni ya kabureta moja kidogo, kama milimita moja. Mizunguko ikipanda na kubaki juu, mchanganyiko ni mzito, yaani petroli imezidi. Injini ikitaka kuzima, ni mwepesi. Ikipanda kidogo na kutulia, umepatia. Nati ya chini igeuze upande mmoja tu kwa mara moja: kuipandisha kunapunguza petroli, kuishusha kunaongeza.

Utamu wa magari haya ni huo. Unakaa karibu na lami, usukani hauna msaada wa mafuta, kila kokoto unaipata viganjani. Maili 50 kwa saa kwenye njia nyembamba za Derbyshire unaendesha kweli, kwa mikono na masikio, na bado uko ndani ya sheria.

Kipusa_254
Samahani wakuu, na petroli? Pampu za kawaida siku hizi ni E10, yenye etanoli (pombe) hadi asilimia 10.

DadaSpana
Weka ile ya bei juu, supa, ambayo bado ni E5. Etanoli inavuta maji na inakula mipira ya zamani. Badilisha mabomba yote ya mpira ya petroli kwa yale yaliyoandikwa R9, yanayostahimili etanoli, kuanzia tenki hadi kabureta. Ni kazi ya asubuhi moja na inazuia moto.

Kipusa_254
Shukrani. Kwa nini basi asinunue Mazda MX-5? Raha ileile, haivuji oili.

Kilindoni77
MX-5 ni gari bora, na Wajapani waliichukua raha hiyo kwa Waingereza, hasa Lotus Elan. Lakini gari lililotimiza miaka 40 hapa unaliombea daraja la kihistoria, hulipi kodi ya barabara, hulazimiki kupeleka MOT, ukaguzi wa kila mwaka, kama halijabadilishwa sana, na ULEZ, tozo ya London kwa magari yanayochafua hewa, haikuhusu.

MzeeKabureta
MOT apeleke hata kama halazimiki. Jicho la mtu wa pili chini ya gari kila mwaka ni rahisi kuliko breki kukataa.

Mwana_Unguja
Mvita, una mpango wa kurudi nalo Mombasa? Usukani uko kulia, hapo sawa, lakini kanuni ya Kenya kwa magari yaliyotumika ni miaka 8, ulizia mapema. Na hewa ya chumvi kwa bodi kama hiyo ni adui.

Mvita_UK
Nyumbani bado sijafikiria. Muuzaji ameniambia tu lina rimu za spoku. Hizo nazo zina mambo?

MzeeKabureta
Zinayo. Zinataka tyubu ndani. Pandisha gari jeki, mtu ashike breki, wewe utikise tairi mbele na nyuma. Likicheza na kugonga, meno ya habu yamelika, na habu na rimu hubadilishwa pamoja. Vua nati ya katikati uone: meno yawe na vichwa bapa, yakiwa makali kama msumeno yamekwisha. Halafu hakikisha habu hazikubadilishwa pande. Upande wa kushoto hesi ni ya kawaida, kulia ni ya kinyume. Wakizigeuza, nati zinajifungua zenyewe gari likienda mbele. Na hujatujibu, litalala wapi?

DadaSpana
Na picha za vizingiti?