Mjadala: Nyumba isiuzwe wala kupangishwa bila cheti cha nishati?

Ndugu zangu, nina upande wangu katika hili na sitauficha. Naona nyumba isiuzwe wala isipangishwe kabla haijapimwa inakula nishati kiasi gani, na matokeo aoneshwe mteja kabla hajatoa hata senti ya amana. Ila kipimo chenyewe, kwa jinsi kinavyofanywa, kina kasoro ambazo tukizinyamazia tutakuwa tunamdanganya yule yule tunayetaka kumlinda.

Kwa ambaye hajaufuatilia mjadala huu: Umoja wa Ulaya ulipitisha mwongozo wake wa kwanza kuhusu vipimo na vyeti hivi mwaka 2002. Uingereza ilianza kutoa vyeti mwaka 2007, kwa madaraja ya A (bora kabisa) hadi G (baya kabisa), na cheti hudumu miaka 10. England na Wales zikaongeza makali: tangu Aprili 2018 nyumba iliyo chini ya daraja E haiingii mkataba mpya wa kupangisha ila kwa msamaha maalumu, na kuanzia Aprili 2020 sharti hilo likaigusa hata mikataba iliyokuwa ikiendelea. Ufaransa imekwenda mbali zaidi. Nyumba ya daraja G haipangishwi upya tangu Januari 2025, ya F itafuata mwaka 2028 na ya E mwaka 2034.

Wanaopinga husema mpangaji ana mdomo, aulize bili mwenyewe. Jamani, bili ya nani? Aliyekaa pale kabla yako huenda alikuwa peke yake na anarudi usiku kulala tu, wewe una watoto wawili na mgonjwa wa kifua. Na nyumba tunaikagua vipi? Dakika kumi, mchana, dalali yuko mlangoni na funguo mkononi. Hakuna anayesogeza kabati kuona ukungu mweusi uliopanda ukutani nyuma yake, wala anayeweka kiganja kwenye ukingo wa dirisha asikie upepo unavyopenya. Hayo unakutana nayo mwezi wa pili wa kukaa mle, umeshasaini. Halafu anayelipa bili ni mpangaji, lakini mwenye ruhusa ya kubadilisha dirisha ni mwenye nyumba. Kwa nini ahangaike, kama baridi haimfikii?

Hoja nzito kweli ni ya kodi ya pango: kwamba gharama ya matengenezo itarudi kwa mpangaji, au mwenye nyumba atauza na nyumba za kupanga zitapungua. Hii siibezi, maana wapo wenye nyumba moja tu waliyorithi na hawana akiba. Ndiyo maana England iliweka ukomo wa pauni 3,500: mwenye nyumba akishatumia kiasi hicho na daraja E bado halijafikiwa, anaweza kusajili msamaha wa miaka 5. Ufaransa nayo imezuia kodi ya nyumba za F na G isipande. Kwangu hayo mawili yaende pamoja. Ukomo bila kizuizi cha kodi unamwacha mpangaji peke yake.

Sasa tuje kwa mpimaji, maana hapa ndipo ninapogombana hata na wenzangu wa upande huu. Watu wanadhani anapima umeme au gesi iliyotumika. Hapana. Anaingia na futi na tableti, anapima vyumba, anahesabu madirisha, anasoma kibandiko cha boila (mtambo wa kuchemsha maji ya kupasha nyumba joto), anapanda darini na kuchomeka rula kwenye kihami joto, yaani tabaka linalozuia joto lisitoroke, aone kina milimita 100 au 270. Ndani ya ukuta haoni. Kama mwenye nyumba hana karatasi ya kuthibitisha kwamba ukuta ulijazwa kihami, programu inaukisia kwa umri wa jengo. Nyumba mbili pacha, zimejengwa na fundi mmoja, zinaweza kutoka na madaraja tofauti kwa sababu ya risiti iliyopotea. Na anayemchagua mpimaji na kumlipa ni muuzaji!

Kanuni ya hesabu nayo ina mambo yake. Daraja la Uingereza limesimama juu ya makisio ya gharama ya nishati, kwa hiyo ukiondoa boila ya gesi ukaweka hita za kawaida za umeme, daraja linaweza kushuka, maana umeme ni ghali kuliko gesi. Ufaransa ilipobadilisha kigezo cha umeme (namba ambayo umeme uliotumika huzidishwa nayo kwenye hesabu ya daraja) kutoka 2.3 hadi 1.9 Januari 2026, nyumba nyingi zinazopashwa joto kwa umeme zikaboreka kwenye karatasi bila tofali kuguswa. Aliyepanga mle ndani baridi yake ni ile ile.

Ninachopendekeza: mpimaji apangwe na mamlaka, asichaguliwe na muuzaji, cheti kitaje wazi kipi kimeonekana kwa macho na kipi kimekisiwa, na kikiwa cha uongo, mnunuzi au mpangaji aweze kushtaki, kama Ufaransa ilivyoruhusu kuanzia Julai 2021.

Mnaopinga, nawasikiliza, ila mniambie mpangaji ajuaje hali ya ukuta kabla ya kusaini. Na kama humu kuna mpimaji, tunakuhitaji zaidi ya wote: ukikuta ukuta hauna karatasi na mwenye nyumba anaapa kwamba umejazwa, unaandika nini?