Mjadala: Kutumia kodi ya wengine (maandishi ya programu, si ya TRA), ni ufundi au uvivu?

Fundi Saa Sita (mwanzisha mada)
Wakuu, jana tumebishana ofisini mpaka chai ikapoa. Kijana wetu mpya kaweka maktaba sita, yaani kodi zilizoandikwa tayari na wengine, kwenye kamradi ka kutoa risiti. Namuuliza hii moja ya nini, ananijibu, "Ya tarehe." Kazi ya mistari mitano! Mnakumbuka Machi 2016? Kulikuwa na pakeji (kifurushi cha kodi) ya left-pad, mistari 11, kazi yake kujazia nafasi kushoto mwa maandishi. Mwenyewe akagombana na npm, ghala la mtandaoni la pakeji za lugha ya JavaScript, kuhusu jina la pakeji yake nyingine, akaamua kuziondoa zote. Miradi ya JavaScript ikagoma kujengeka, hata Babel, zana inayotumiwa na wengi, mpaka npm wakairudisha baada ya saa kama mbili. Kushindwa kuandika mistari 11 ndiyo ufundi?

Nywila Dhaifu
Shikamoo mkuu. Hizo tarehe usizidharau, mistari yako mitano tutaiona Februari 29. Na hifadhidata utaandika mwenyewe? Usimbaji wa malipo je? Pale Cambridge, kwenye EDSAC, kompyuta ya zamani, tangu 1949 walikuwa na maktaba ya vijiprogramu kwenye utepe wa karatasi, ili anayekuja asianze sifuri. Wale nao wavivu?

Fundi Saa Sita
Marahaba. Wale walikuwa wanajua kila utepe una nini.

Mtoto wa Pwani
Mimi nimeungua kwa kodi yangu mwenyewe, si ya mtu. Niliandika mfumo wa ankara kwa mteja wa Nairobi, ukatulia. Akaja mteja wa Dar, nikabeba ule ule, nikabadilisha nembo na sarafu. VAT Kenya ni asilimia 16, Bara ni 18, na ile 16 nilikuwa nimeichimbia ndani kabisa ya funksheni ya jumla. Mhasibu wao aliigundua mwezi wa pili. (Kodi iliharibu kodi, cheka tu.) Kila mstari niliujua, niliuandika kwa mkono wangu. Nilichosahau ni kwamba niliuandikia Kenya.

Dada Seva
Mtoto wa Pwani kagusa penyewe. Someni habari za roketi ya Ulaya, Ariane 5, Juni 4, 1996, kule Kourou, Guyana ya Ufaransa. Programu ya kifaa cha kupimia mwendo na mwelekeo ilitolewa kwenye roketi iliyoitangulia, Ariane 4, ambako ilifanya kazi bila shida. Roketi mpya ikawa na kasi kubwa zaidi ya kwenda upande. Namba ya biti 64 ikalazimishwa kuingia kwenye biti 16, ambamo mwisho ni 32,767. Haikuenea, kompyuta ikazima. Ya akiba? Ilikuwa na programu hiyo hiyo, ikafa kwa kosa hilo hilo. Kama sekunde 40 baada ya kuwashwa, roketi ikasambaratika na satelaiti nne za utafiti.

Kinachoniuma zaidi: kile kipande cha kodi hakikuwa na kazi yoyote Ariane 5 ikishapaa. Ariane 4 ndiyo ilikihitaji, kikaachwa kwa sababu hakikuwahi kusumbua. Kwa hiyo Fundi, kuisoma kodi peke yake hakutoshi. Ungeisoma usiku kucha usione kosa, maana kosa lilikuwa kwenye safari mpya. Cha kuuliza ni: aliyeiandika alidhani nini kuhusu dunia, na dunia yangu ndiyo hiyo?

Nywila Dhaifu
Sasa nani anaandika hizo dhana? Mimi nikifungua maelezo ya pakeji naona jinsi ya kuisakinisha, basi.

Dada Seva
Andika jaribio linalovunjika dhana ikibadilika. VAT ikiwa si 16, lipige kelele.

Fundi Saa Sita
Haya. Ya tarehe nimemwachia. Zile tano, Jumatatu aje aeleze kila moja imedhani nini.

Mtoto wa Pwani
Na ile funksheni yako ya namba za simu unayotugawia kila mradi, mkuu? Inakubali +255 tu.

Fundi Saa Sita
Hiyo tuiache kwanza.