Afisa afya apikwe darasani au kazini?

Mgogo_Kongwa: Wakuu, mafunzo ya epidemiolojia ya uwandani (kuchunguza magonjwa na milipuko huko huko yanakotokea) yaliyoanza nchini 2008 ni robo darasani, robo tatu kazini. Stashahada na shahada zetu za afya ya jamii mbona kinyume chake? Sumukuvu (sumu ya ukungu wa nafaka) iliyougusa watu 2016 hapa Dodoma na Manyara ilichunguzwa kwa kulinganisha kaya zenye wagonjwa na zisizo nao, mahindi yakapimwa. Hilo halifundishiki ubaoni. Watoto wa vyuo vya mjini ukiwapa kitabu namba 5 cha MTUHA (rejesta ya wagonjwa wa nje kwenye mfumo wa taarifa za afya) wanakitumbulia macho.

Kiranja: Kwenye hayo mafunzo ya uwandani kila mmoja ana msimamizi, na anadaiwa kazi: achunguze mlipuko, atathmini mfumo wa ufuatiliaji, achambue takwimu. Zahanati yenye watumishi wawili nani amsimamie? Ataishia kupanga foleni ya kliniki.

Binti_Chamwino: "Watoto wa mjini" ndio nani? Kuweka swabu (kijiti cha pamba chenye sampuli) ya kipindupindu kwenye barafu na kuipeleka maabara kunahitaji robo tatu ya nini?

Mzee_wa_Swabu: Barafu tena, dada? Vibrio, kile kimelea cha kipindupindu, akipigwa baridi anaweza kufa, maabara ikuletee "hakuna kitu" huku watu wanaharisha. Chukua kabla mgonjwa hajaanza dawa, zamisha swabu yote ndani ya chupa ya Cary-Blair (ute wa kusafirishia vimelea), vunja kijiti, kaza kifuniko, weka kivulini kwenye joto la kawaida. Barafu ni ya mtoto aliyepooza ghafla, anayeshukiwa polio: sampuli mbili za kinyesi, zipishane angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu apooze, kila moja ukubwa wa ncha za vidole gumba viwili.

Mgogo_Kongwa: 😂 Nilisema mimi.

Binti_Chamwino: Cheka tu. Hiyo barafu ya polio unaitoa wapi? Pakiti za barafu ukizitoa asubuhi kwa chanjo ya mkoba (ya kuwafuata watoto vijijini), hadi zigande tena ni kesho. Na boda wa kutoka kijijini Chemba hadi mjini analipwa na mafunzo ya nani?

Kiranja: Hapo sasa. Mafuta.

Boda_Bahi: Mpeni kondakta wa basi la asubuhi.

Mzee_wa_Swabu: Kondakta sawa, ila si kwenye mfuko wa rambo! Chupa iliyokazwa, kisha mfuko usiovuja wenye pamba ya kutosha kunyonya yote ikivunjika, kisha kasha gumu. Fomu ya sampuli ikae nje ya ule mfuko, ikilowa hata namba ya mgonjwa haisomeki.

Boda_Bahi: Na kasha linarudi na nani?